Sanduku Lisilobeba Maji: Boila, Chumvi ya Ivuna na Darasa la Chitete

Boila ni chombo kilichofungwa ambamo maji hupashwa moto hadi yawe mvuke wenye kanieneo, yaani ile nguvu ya kusukuma ambayo mafundi wa viwandani huiita presha, na mvuke huo ndio unaokausha majani ya chai, unaochemsha juisi ya miwa, unaopika bia na unaotakasa vifaa vya upasuaji hospitalini. Watu wengi wanapolisikia neno boila huwaza moto, kuni, makaa ya mawe na dohani linalotoa moshi, lakini fundi aliyekomaa katika kazi hiyo huyawaza maji kwanza, kwa sababu boila nyingi huharibika kwa maji yaliyopungua, yaliyojaa chumvi au yaliyoingia na hewa ndani yake. Mazungumzo haya yanayahusu maji hayo, ambayo wahandisi huyaita maji ya kulishia boila, na namna yanavyoweza kufundishwa kwa vielelezo vidogo vya kubebeka katika mahali kama Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe.

Msikilizaji asiye na mchoro mbele yake anaweza kuufuata mfumo huo kama anavyoifuata safari ya ndoo kutoka kisimani hadi jikoni. Maji hutoka kwenye chanzo na kupita katika chujio la kulainisha, ambalo huondoa madini yanayoyafanya maji yawe magumu. Kisha hukaa kwenye tangi la kulishia, ambamo hupashwa joto kiasi ili hewa iliyoyeyuka ndani yake itoke. Kutoka hapo pampu huyasukuma kwa nguvu inayozidi kanieneo ya mvuke ulio ndani ya boila, kwa kuwa bila nguvu hiyo yasingeingia kamwe. Na mwisho hupita kwenye vali ya njia moja, ambayo kazi yake ni kuyazuia yasirudi nyuma pampu inaposimama. Pembeni mwa boila husimama kioo chembamba cha kusomea kimo cha maji, na chini yake kuna bomba la kumwagia maji ya kitako, kazi ambayo mafundi huiita blodauni. Hayo ndiyo yote kwa kuyataja, na mwanafunzi yeyote anaweza kuyakariri kwa jioni moja. Ugumu ni kwamba kila kinachotokea ndani ya mfumo huo hutokea nyuma ya ukuta wa chuma.

Jambo la kwanza linalojificha nyuma ya chuma ni hesabu ya chumvi. Boila ya wastani inayotoa tani 2 za mvuke kwa saa, ikilishwa maji yenye miligramu 200 za chumvi zilizoyeyuka katika kila lita, huachiwa gramu 400 za chumvi kila saa, kwa sababu mvuke huondoka karibu mtupu na chumvi hubaki. Kwa siku nzima ya saa 24 hizo ni kilo 9.6, iwapo hakuna maji ya mvuke uliopoa yanayorudishwa tangini. Zikiachwa humo, chumvi hizo hugandamana kwenye mabomba yaliyo karibu na moto zikawa magamba, mfano wa ukoko unaoshika chini ya sufuria ya wali, na kwa kuwa magamba ya chokaa hupitisha joto kwa shida kuliko chuma, zaidi ya mara 20, moto huongezwa bila faida, chuma hukosa maji ya kukipoza, hulainika na hatimaye hufura na kupasuka. Kwa hiyo ni lazima sehemu ya maji imwagwe. Iwapo kiwango kinachovumiliwa ndani ya boila hiyo ni miligramu 3,500 kwa lita, maji ya kumwaga yatakuwa takriban lita 121 kwa saa, yaani asilimia 6 ya mvuke unaozalishwa. Anayemwaga pungufu huikaribisha hatari, na anayemwaga kupita kiasi hulitupa joto alilolilipia kwa kuni au makaa.

Hesabu hiyo humchosha mwanafunzi inapoandikwa ubaoni, lakini wilayani Momba ina mizizi mirefu kuliko viwanda vyote vya Tanzania. Katika bonde la Ziwa Rukwa, huko Ivuna, zipo chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu walizitumia kutengeneza chumvi tangu takribani karne ya 13, kama walivyoonyesha wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen katika andiko lao la mwaka 1968 kuhusu uchimbaji waliofanya mahali hapo. Kanuni ya kazi hiyo ni rahisi kuieleza: udongo wenye chumvi huoshwa kwa maji yanayochujwa kupitia chungu kilichotobolewa kitako, maji yanayodondoka huchemshwa, mvuke huachwa uende zake, na kinachobaki chunguni ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Mtengeneza chumvi wa Ivuna na mwendesha boila wa kiwanda cha chai wanafanya tendo lilelile la asili, ila mmoja hukitunza kile kinachobaki na mwingine hukikimbia. Mwalimu wa uhandisi aliyepangiwa kazi Chitete na akaanza somo lake kwa boila ya meli au ya mtambo wa umeme wa Ulaya, akaipita Ivuna bila kuitaja, amekiacha mlangoni kitabu bora kuliko alichobeba.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umo katika ukanda mmoja na maeneo yenye historia ya mvuke, ingawa wenyewe haukuiona kwa wingi. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira uliwahi kuwa na mtambo mdogo wa umeme wa megawati 6 uliotegemea boila. Viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi hutegemea joto la kukaushia. Na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi mwaka 1985, hakiwezi kutengeneza hata karatasi moja bila mvuke. Reli nayo ilipita Tunduma ikiwa tayari imeuacha mvuke nyuma, kwa maana TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilianza moja kwa moja na injini za dizeli katika miaka ya 1970, ilhali Tabora na Nairobi zilikuwa zimelea vizazi vya wachochea moto wa treni za mvuke waliojifunza tabia ya maji ya boila wakiwa safarini, kwa kuyaangalia kwenye kioo usiku na mchana. Nyanda za Juu Kusini hazikupata wazee wa aina hiyo wa kuwauliza mambo, na pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kitabu peke yake.

Ipo hoja kwamba mwanafunzi apelekwe kiwandani, na hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa hakuna kielelezo kinachoweza kuiga joto, kelele na harufu ya chumba cha boila. Lakini kiwandani mwanafunzi ni mgeni, na mgeni haruhusiwi kushika. Hakuna msimamizi mwenye akili timamu atakayemruhusu kijana wa mwaka wa pili apunguze maji ya boila ili aone kengele ya hatari inavyolia, wala aizime pampu ili ajue maji hudumu dakika ngapi. Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, mkoani Morogoro, na watu 11 wakapoteza maisha. Tukio kama hilo linaeleza vya kutosha kwa nini majaribio ya wanagenzi hayana nafasi kwenye mitambo inayofanya kazi. Mwanafunzi anahitaji mahali ambapo kosa linaruhusiwa, na ambapo kosa hilo likitokea litalowesha meza tu.

Mahali hapo panaweza kuwa sanduku. Kielelezo cha kubebeka kinachozungumzwa hapa ni seti ya vyombo vya plastiki na kioo vinavyoonyesha yaliyo ndani, inayopangwa juu ya ubao wenye ukubwa wa meza ya mwanafunzi na kufungashwa ndani ya sanduku linaloweza kuwekwa kwenye buti la gari aina ya Noah au kufungwa nyuma ya pikipiki. Ndani yake huwa na tangi dogo, pampu ya volti 12 inayoendeshwa na betri ya pikipiki, mirija inayoonyesha maji, vali ya njia moja, chupa iliyojazwa rezini za kulainishia maji, chombo cha wima kinachosimama badala ya boila, kipimajoto na kipima chumvi cha mkononi. Chombo hicho cha boila lazima kiwe wazi kwa juu, pasiwe na kifuniko kinachoweza kukazwa, kwa sababu kielelezo kinachofunga mvuke kimeacha kuwa kielelezo na kimekuwa boila ndogo, yenye uwezo wa kuua kama boila kubwa.

Sanduku hilo libebe kila kitu isipokuwa maji. Watengenezaji wengi wa vielelezo hutoa maelekezo kwamba yatumike maji safi yaliyotoneshwa ili mirija isichafuke, na ushauri huo, ingawa unalinda chombo, unaliua somo. Maji yaliyotoneshwa ni yaleyale London, Dar es Salaam na Chitete, ila maji ya kisima cha shule, maji ya mto Momba, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati na maji ya bomba la Tunduma, kila aina ina tabia yake, na boila yoyote itakayojengwa eneo hilo italishwa mojawapo ya hayo. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata chombo, kwani kila aliyewahi kufua anajua kwamba maji magumu huila sabuni kabla ya kutoa povu. Ni juu ya mwalimu kuligeuza jambo hilo la dobi kuwa namba, kwa kuhesabu matone ya maji ya sabuni yanayohitajika mpaka povu lisimame juu ya maji kwa dakika moja.

Baada ya hapo ndipo chupa ya rezini huingia kazini, na hapo ndipo kosa la wengi hufichuka. Rezini ni punje ndogo za plastiki zilizobeba sodiamu. Maji magumu yanapozipita, punje hizo huiachia sodiamu na kuishika kalisiamu pamoja na magnesiamu, ambazo ndizo mama wa magamba. Mwanafunzi akipima kwa sabuni ataona povu limesimama upesi, ataridhika na kusema kwamba chumvi imeondoka. Akitumbukiza kipima chumvi ataona namba haikushuka, kwa sababu chujio halikuondoa chumvi bali limeibadilisha aina, na maana yake ni kwamba kazi ya kumwaga maji ya kitako inabaki palepale hata pakiwa na chujio jipya kabisa. Maelezo ya mdomo kuhusu tofauti hiyo husahaulika kabla ya mtihani. Namba iliyokataa kushuka mbele ya macho ya darasa haisahauliki. Na rezini zikichoka, dawa yake ni kuzisuuza kwa maji mazito ya chumvi ya kawaida, ambayo ndiyo sodiamu kloraidi, ili zirudishiwe kile zilichokitoa, kwa hiyo chumvi inayofukuzwa kwenye boila ndiyo inayoliponya chujio.

Pampu nayo ina somo ambalo vitabu vya nchi za tambarare hulipitia haraka. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 za Selisiasi iwapo tu kanieneo ya hewa ni ile ya usawa wa bahari, takriban kilopaskali 101. Tunduma ipo kwenye mwinuko unaozidi meta 1,500, na katika mwinuko wa meta 1,600 kanieneo ya hewa hushuka hadi karibu kilopaskali 84, kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mama anayepika maharage anakijua kisa hicho kwa namna nyingine, kwa kuwa maharage huchelewa kuiva milimani kuliko Pwani. Kwa fundi wa boila, kisa hicho humaanisha kwamba maji ya tangi yakipashwa hadi nyuzi 85 ili yatoe hewa, akiba inayoyazuia yasichemke ndani ya mdomo wa pampu, ambayo usawa wa bahari ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha meta 4.6, huku juu hubaki meta 2.7 tu kabla ya kuhesabu urefu ambao tangi limeinuliwa. Akiba hiyo ikiisha, maji huchemka kwenye njia ya kuingilia pampu, mapovu huzaliwa na kupasuka kwenye pangaboi, na pampu hulia kama mashine ya kukoboa inayosaga kokoto mpaka chuma chake kinaliwa vijishimo.

Jambo hilo huonyeshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile kubwa la mililita 50 linalopatikana duka la dawa. Maji ya nyuzi 60 huvutwa ndani yake hadi nusu, mdomo huzibwa kwa kidole kilichovishwa mpira, na kijiti huvutwa kwa nguvu. Hapo maji ambayo kila mtu darasani anajua kwamba hayajachemka huanza kuchemka, na kijiti kikiachiwa huacha papo hapo. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa mkono wake haulizi tena kwa nini tangi la maji ya boila huwekwa juu ya mnara na pampu ikawekwa chini.

Lakini somo lenye thamani kuliko yote katika sanduku hilo ni la kioo cha kusomea kimo cha maji, kwa kuwa kioo hicho hudanganya. Kiwanda kinapofungua ghafla vali kubwa ya mvuke, kanieneo ndani ya boila hushuka, maji yote huanza kutoa mapovu kwa wingi, na mapovu hayo huyainua maji kama maziwa yanavyofura yakikaribia kumwagika jikoni. Kwenye kioo kimo huonekana kimepanda, ilhali maji yenyewe yamepungua kwa sababu mvuke umeondoka. Mwendesha boila asiyejua hufunga maji. Dakika chache baadaye mapovu hutulia, kimo huporomoka, na mabomba yaliyo juu hubaki makavu juu ya moto. Kinyume chake hutokea vilevile, kwani maji baridi yakiingizwa kwa wingi mapovu husinyaa na kimo hushuka kwanza kabla ya kupanda, na mwenye hofu huongeza maji juu ya maji hadi mvuke unabeba matone kuelekea kwenye mitambo. Kwenye kielelezo hali hiyo huigwa bila moto wowote, kwa kusukuma hewa ndani ya chombo kwa pampu ndogo ya matangi ya samaki, huku maji yakichuruzwa polepole kwa chini. Darasa huulizwa iwapo maji yanaongezeka au yanapungua, na kwa kawaida ya macho ya binadamu wengi watajibu kwamba yanaongezeka.

Hapohapo hufundishwa amri ambayo haina mjadala katika chumba chochote cha boila: kioo kikionekana kitupu na mwendeshaji hajui maji yameshuka hadi wapi, moto huzimwa kwanza, na maji baridi hayaingizwi juu ya chuma kilichoungua. Silika ya mtu anapoona chombo kikavu ni kukitilia maji. Mafunzo yote ya boila, kwa upande mmoja, ni mafunzo ya kuizuia silika hiyo.

Vielelezo vidogo vina udanganyifu wake pia, na anayevitumia hana budi kuujua. Katika majira ya baridi ya 1763 hadi 1764, James Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikabidhiwa atengeneze kielelezo cha injini ya mvuke ya Newcomen kilichotumiwa kufundishia, na akakuta kwamba hata baada ya kutengenezwa kilipiga mapigo machache tu kisha kikaishiwa mvuke, ingawa injini kubwa za aina hiyo zilifanya kazi kutwa migodini. Sababu mojawapo ni ya kijiometria: chombo kikipunguzwa vipimo vyake kwa nusu, eneo la uso hubaki robo lakini ujazo hubaki thumuni, kwa hiyo kila lita ya ndani hupata uso maradufu wa kupotezea joto. Watt hakuishia kukilaumu kielelezo. Alifuata upotevu ule uliokuzwa na udogo wake hadi akafikia, mwaka 1765, wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni. Mwalimu wa Chitete hahitaji kuahidi ugunduzi wa namna hiyo. Inatosha awaeleze wanafunzi wazi kwamba sanduku lao litasema kweli kuhusu chumvi, mapovu na kimo, lakini lisiaminiwe linapohusu matumizi ya kuni, kwa kuwa joto lake hupotea kwa kiwango ambacho hakuna boila halisi ingekivumilia.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, sambamba na vyuo vya ufundi stadi vya VETA ambavyo msingi wake ni sheria ya mwaka 1994, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichopanda daraja kutoka chuo cha ufundi kilichoanza 1986. Baina ya ngazi hizo tatu lipo jambo ambalo ni jepesi kufanyika kuliko ununuzi wa mitambo ya kufundishia kutoka ng'ambo: wanafunzi wa chuo kikuu walitengeneze sanduku kama kazi yao ya mradi, wanafunzi wa ufundi stadi walichomelee fremu na kuunga mirija, na wanafunzi wa amali walitumie na kuliharibu, kisha liharibikapo lirudi kwa walioliunda likiwa na orodha ya yaliyovunjika. Sanduku lililotengenezwa Mbeya au Tunduma lina vipuri vyake kwenye maduka ya pikipiki na ya mabomba. Lililoagizwa husimama kabatini siku kifundo kimoja cha plastiki kinapokatika.

Kila linaposafiri, sanduku hilo linaweza kuwa na safu ya chupa ndogo zilizo tupu. Lita moja ya maji ya kila mahali huchemshwa hadi ikauke, kinachobaki hupimwa kwa mizani na kutiwa chupani pamoja na jina la chanzo na mwezi, mara moja wakati wa masika na mara nyingine mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu kisima cha Machi na kisima cha Oktoba huenda visifanane. Siku mwekezaji atakapokuja kuuliza kama eneo hilo linafaa kwa kiwanda cha kukaushia mazao au kusindika vyakula, na mhandisi wake akataka kujua ukubwa wa chujio na kiasi cha maji ya kumwaga, swali hilo litaweza kujibiwa kwa kulifungua kabati la shule, ambamo chupa ya Ivuna itajulikana kwa macho tu, kwa kuwa ndiyo iliyojaa.